Mchoraji Mbele ya Mbuyu

Mbuyu ukifa hauachi mbao. Mvule au mninga ukianguka huacha gogo. Seremala atalipasua, na mtaalamu wa misitu atahesabu pete za ukuaji ili kujua mti uliishi miaka mingapi na ni miaka ipi mvua iliadimika. Shina la mbuyu ni nyuzinyuzi zilizojaa maji, na likidondoka chini huoza, likachanikachanika, likatawanyika. Miaka michache baadaye, mgeni akipita pale hajui kwamba palisimama kitu ambacho watu kumi walioshikana mikono hawakuweza kukizunguka. Hata ungali hai, mbuyu ni mgumu kuusoma. Pete zake ni hafifu, katikati ya shina mara nyingi pana uwazi, na aghalabu tunachokiona kuwa shina moja ni mashina kadhaa yaliyoota karibu yakaungana. Kwa hiyo mti ulioshuhudia mengi kuliko mwingine wowote katika nchi zetu ndio unaoondoka na ushahidi wake wote. Katika sura hii nataka kuonyesha kwamba mchoro uliofanywa mbele ya mti wenyewe, ukabeba tarehe, jina la mahali, kipimo na habari za watu wa hapo, ni hati ya historia yenye uzito sawa na barua au daftari la kodi. Nitaonyesha pia kwamba ukikosa kimojawapo cha vitu hivyo vinne, hasa hicho cha mwisho, thamani yake hupungua sana.

Ushahidi bora ninaoujua unatoka kusini, katika nchi ambayo leo ni Botswana, na mchoraji wake ni Thomas Baines. Alizaliwa King's Lynn, Uingereza, mwaka 1820, akajifunza ufundi wa kupamba magari ya farasi kwa rangi, na mwaka 1842 akahamia Afrika Kusini alikoishi kwa kalamu na brashi. Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa Livingstone wa mto Zambezi akiwa mchoraji na mtunza ghala, lakini mwaka uliofuata alifukuzwa kwa tuhuma za wizi, tuhuma ambazo alizikana hadi alipofariki Durban mwaka 1875. Baada ya fedheha ile aliingia tena ndani ya bara kwa njia nyingine. Mwaka 1861 yeye na mfanyabiashara James Chapman walianza safari kutoka Walvis Bay, pwani ya Atlantiki, wakielekea Maporomoko ya Victoria. Njiani, Mei 1862, walifika kando ya uwanda wa chumvi wa Kudiakam, na hapo Baines akachora kundi la mibuyu lililosimama peke yake ukingoni mwa uwanda ule mweupe usio na kitu. Alikuwa na tabia ambayo wachoraji wengi wa safari hawakuwa nayo: michoro yake aliiandikia tarehe na mahali, na mingi akaitia namba. Tabia hiyo ndogo ndiyo inayotuwezesha leo kuchukua picha yake, kwenda mpaka pale, na kuilinganisha na miti.

Mibuyu ile ipo bado, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nxai Pan. Anayesimama pale leo na nakala ya picha ya 1862 anaona kwamba miaka zaidi ya 160 haikubadilisha mengi. Umbo la kundi ni lilelile, na mti uliolala chini ungali unachipua. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka ujiulize lingejulikana vipi bila mchoro. Hakuna sensa ya miti ya mwaka 1862 katika Kalahari. Hakuna aliyepima mizingo kila mwaka, na hata kama angepima, mbuyu hunenepa katika miaka ya mvua na kunywea katika kiangazi kikali, hivyo kipimo peke yake kinaweza kudanganya. Kinachothibitisha kwamba miti mikubwa ile ilikuwa mikubwa vivyo hivyo kabla ya babu za babu zetu ni mkono wa mtu mmoja aliyeketi akatazama kila tawi lilikopinda. Ndani ya picha moja tuna taarifa kuhusu kasi ya ukuaji, uvumilivu wa mti katika nchi kame, na hali ya ardhi ile kabla ya barabara na hifadhi.

Mbuyu mwingine wa nchi ileile umetupa somo la upande wa pili. Mbuyu uliopewa jina la Chapman, pembezoni mwa Makgadikgadi, ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani. Wasafiri waliuona kutoka mbali, wakalala chini yake, na uwazi wa shina lake wakaufanya mahali pa kuachiana barua. Januari 2016 uliporomoka, mashina yake yote yakalala kila upande. Miaka miwili baadaye, timu iliyoongozwa na Adrian Patrut wa Romania ilichapisha matokeo ya kupima kaboni 14 katika mibuyu zaidi ya 60 ya Afrika. Waligundua kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote, 9 ilikuwa imekufa au sehemu yake kongwe zaidi imeanguka, na kati ya 6 mikubwa kuliko yote, 5 ilipatwa na hayohayo, yote ndani ya takribani miaka 12. Watafiti walihisi mabadiliko ya tabianchi yana mkono, ingawa walisema wazi kwamba uchunguzi zaidi unahitajika. Mti wa Zimbabwe ulioitwa Panke, ambao walikadiria uliishi miaka ipatayo 2,450, nao umo katika orodha ya iliyokufa. Miti ambayo tulidhani itatungoja tupate nafasi ya kuiandika, haingoji.

Tuukaribie mbuyu wa kawaida, basi, tuone mchoraji makini angeandika nini. Kwanza kuna makovu. Tembo wa Ruaha na Tarangire, maji yakiadimika, hulichimba shina kwa pembe ili kutafuna nyuzi zake zenye maji. Kovu lao limechanika ovyo na halipandi juu ya kimo cha mnyama. Mtu anayevua gome ili asokote kamba huanza kwa kulikata kwa chombo, na mbuyu, tofauti na miti mingi, hauoni taabu kuota gome jipya. Lakini mpaka kati ya gome la zamani na lile jipya hubaki unaonekana. Kisha kuna vigingi. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hupigilia vijiti vilivyochongwa kwenye shina laini la mbuyu, kimoja juu ya kingine, wakavikanyaga hadi kwenye tundu la nyuki. Mti unaendelea kunenepa, unakimeza kigingi polepole, na mrina asali anayekuja baadaye anapigilia vipya. Mchoraji anayechora vigingi vinavyotokeza nje, vilivyozama nusu, na vitobo vya vile vilivyooza, anakuwa amechora vizazi vya watu waliopanda mti uleule. Na ikiwa ni mbuyu wa pwani, kwenye uwazi wa chini utakuta labda vipande vya kitambaa chekundu na cheupe, kigae chenye majivu ya ubani, chupa ya marashi. Vitu hivi havimo katika takwimu za misitu.

Wapo watakaouliza kwa haki: kwa nini mchoraji, wakati kila mtu ana kamera mfukoni? Swali hili liliulizwa katika msafara uleule wa Baines, kwa sababu Chapman alibeba vifaa vya kupigia picha. Joto, vumbi na ugumu wa dawa za wakati ule vilimshinda mara nyingi, na Maporomoko ya Victoria, ambayo Baines aliyachora kwa siku nyingi, Chapman hakufanikiwa kuyapiga picha. Lakini nisiegemee udhaifu wa kamera ya 1862, maana ya leo haina udhaifu huo. Kamera ya leo ni bora kuliko mkono wowote katika kushika rangi na uwiano, na anayetaka kuhifadhi habari za mti bila kupiga picha anajinyima msaada wa bure. Hoja yangu ni nyingine. Picha ya simu huchukua sekunde moja na aliyeipiga huondoka. Mchoro huchukua saa kadhaa, pengine kutwa nzima, na katika muda huo mchoraji analazimika kuamua kila mstari ni nini: huu ni mpasuko au kovu? Tawi hili limekatwa au limevunjika? Swali la namna hiyo hawezi kulijibu mwenyewe. Atamuuliza mwenye shamba. Na mtu anayeketi mbele ya mti kutwa nzima hafichiki. Watoto watakuja kwanza, kisha atakuja mzee kutaka kujua mgeni anatafuta nini kwenye mti wa watu, na hapo ndipo habari zinapoanza kutoka. Kamera inashika umbo. Uchoraji unamkalisha mtu mahali ambapo historia inasimuliwa. Anayeweza kukaa hivyo akiwa na kamera na daftari, na afanye hivyo, matokeo ni yaleyale.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wachoraji hutia chumvi. Ni kweli. Karne ya 19 ilipenda miti mikubwa, mipana, ya kutisha, na wachoraji waliojua wanunuzi wao walikuwa tayari kuinenepesha. Hata mchoraji mwaminifu huvutwa na macho yake: kitu kinachomshangaza hukikuza bila kukusudia. Hata hivyo, kosa hili linatibika kwa njia ambayo makosa ya barua na hotuba za zamani hayatibiki. Mti haujahama. Kama mchoro una jina la mahali, unaweza kupelekwa hadi pale ukapimwa dhidi ya shina lenyewe, na mibuyu ya Kudiakam ndiyo ushahidi kwamba Baines alipita mtihani huo. Kama mchoraji aliandika kipimo cha mzingo kwenye kimo cha kifua, uongo wa brashi unajulikana mara moja. Mwanahistoria hatupi barua kwa sababu waandishi wa barua hujisifu. Anaiweka mbele ya barua nyingine. Mchoro usio na mahali, huo hakika hauwezi kutetewa, hata kama ni mzuri kiasi gani.

Pingamizi linalonishughulisha kuliko yote ni lile la hadithi. Watu huambiwa kwamba mti fulani una miaka elfu, kwamba chini yake alinyongwa mtu, kwamba asiyeuzunguka mara saba atapotea njia, nao huyaandika kama yalivyo. Je, si kuchanganya historia na ngano? Kisa cha Michel Adanson kinafaa hapa. Mfaransa huyo, ambaye jina la kisayansi la mbuyu linatokana na lake, alifika Senegal mwaka 1749, na katika visiwa vidogo karibu na Dakar ya leo akakuta mibuyu iliyochongwa majina ya mabaharia wa Ulaya waliopita karne kadhaa kabla yake. Alipima herufi na unene wa miti, akapiga hesabu, akasema mbuyu mnene kabisa unaweza kuwa na miaka 5,150. Hesabu ile ilikosea mno. Mikongwe iliyopimwa kwa kaboni 14 haifiki nusu ya umri huo. Lakini angalia kilichokosea na kilichosimama. Ushahidi wa mti, yaani majina yaliyochongwa na tarehe zake, ulikuwa wa kweli. Kilichoanguka ni hitimisho la msomi. Wakati mwingine anayetia chumvi si mzee wa kijiji.

Na hata pale simulizi isipothibitika, bado ni ushahidi, ila ni ushahidi wa jambo jingine. Huko Thika, Kenya, panasimuliwa habari za mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, uliotajwa katika utabiri wa mwaguzi wao Mugo wa Kibiro, kwamba siku utakapoanguka utawala wa wageni utakwisha, na kwamba Waingereza waliposikia wakauimarisha usidondoke. Tuseme mwanahistoria ana shaka na kila sehemu ya habari hiyo. Hata hivyo haimpasi kuitupa, maana inamweleza watu walitarajia nini, walizungumza nini wakiwa peke yao, na kwa nini mti mmoja ulikuwa na uzito kuliko jengo la mkuu wa wilaya. Mchoraji hatakiwi kuamua kama utabiri ulitimia. Anatakiwa aandike nani alisimulia, wa ukoo gani, umri gani, na alisema aliisikia kwa nani. Akifanya hivyo, wengine watapima.

Hapa ndipo Baines mwenyewe alipopungukiwa, na sitaki heshima niliyompa ilifunike jambo hili. Majina yaliyobaki kwenye ramani ya miti ile ni ya wageni: mibuyu ya Baines, mbuyu wa Chapman, mbuyu wa Green, ambao umechongwa maandishi ya msafara wa 1858. Wasan wamewinda na kuchota maji katika nchi ile kwa maelfu ya miaka. Walikuwa na sababu zao za kupumzika chini ya mti huu na si ule, na njia zao zilipita pale muda mrefu kabla ya magari ya ng'ombe ya wafanyabiashara. Msafiri aliyelala usiku mmoja aliacha jina lake. Waliozaliwa kivulini hawakuachiwa. Tuna umbo la mti wa 1862 kwa usahihi wa kupendeza, na tumepoteza kile ambacho mti ule ulikuwa kwa watu wake mwaka huohuo. Hasara hiyo haiwezi kufidiwa kwa kwenda tena na kamera nzuri.

Kwetu Afrika Mashariki hasara ina sura nyingine. Hatukosi picha za mibuyu. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza kazi zake Oysterbay, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, mbuyu umechorwa kwa rangi za kung'aa juu ya mbao na vitambaa mara zisizohesabika, ukiwa na jua nyuma yake na twiga pembeni. Sanaa hiyo ina hadhi yake, imelisha familia nyingi, na haikuwahi kuahidi kuwa kumbukumbu. Lakini mbuyu wake ni mbuyu tu. Hauna kijiji, hauna kovu, hauna mwenyewe. Vipaji tunavyo, rangi tunazo, na wanafunzi wanaohitimu sanaa kila mwaka tunao. Kinachokosekana ni kazi ya kumtuma mchoraji mbele ya mti fulani, kwa jina lake, na kumlipa akae.

Matokeo ya kukosa kumbukumbu yalionekana Kilifi mwaka 2022, mibuyu kadhaa ya wakulima iliponunuliwa na kung'olewa mzimamzima ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia kupamba bustani. Kelele zilipopigwa, rais wa Kenya aliagiza uchunguzi. Simlaumu mkulima aliyeuza. Alikuwa na shamba, alikuwa na shida, na mbele yake alisimama mtu mwenye fedha taslimu na upande wa pili hakusimama mtu yeyote mwenye karatasi inayosema mti huu ni upi. Linganisha na Nairobi miaka miwili kabla. Mugumo wa Waiyaki Way ulikuwa katika njia ya barabara mpya ya juu. Watu waliujua, walikuwa na habari zake, wakasimama nao, na Novemba 2020 ukalindwa kwa agizo la rais. Mugumo una utakatifu wake kwa Wakikuyu na ulikuwa jijini mbele ya waandishi wa habari, hivyo sisemi kwamba karatasi peke yake ingeiokoa mibuyu ya Kilifi. Nasema kwamba mti unaojulikana kwa jina na historia una watetezi kabla hatari haijafika, na usiojulikana hutafutiwa watetezi ukiwa tayari juu ya lori.

Wengine wataona ni afadhali fedha hizo zipande miche. Miche ipandwe, kwa wingi. Kweli mbuyu ulianza kama mchicha. Lakini kati ya mchicha na mbuyu kuna karne nyingi, na hakuna bajeti inayoweza kuzinunua. Gharama ya mchoraji mmoja, daftari na nauli ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kuipunguzia miche chochote. Wapo pia wanaohofia kwamba kuutangaza mti ni kuwaita watalii wakachonge majina yao na kukanyaga mizizi, au kuyavua nguo maagano ya wenye tambiko. Hofu hiyo ni ya haki. Kuandika si lazima kuwe kutangaza: mahali halisi panaweza kubaki katika nakala ya kijiji, na jambo ambalo wazee wamesema lisichorwe, lisichorwe. Mchoraji anayeambiwa asiuchore ubani ulio ndani ya tundu, aandike tu kwamba aliombwa hivyo.

Kwa mwalimu, mchoraji au mwanafunzi anayesoma ukurasa huu, ombi langu ni la kazi na halihitaji kibali cha wizara. Chagua mti mmoja mkongwe katika kata yenu, na uchague ule ambao anayeujua zaidi ana umri mkubwa kuliko wote. Omba ruhusa kwa mwenye ardhi. Pima mzingo kwa kamba kwenye kimo cha kifua, na uandike mwezi, kwa kuwa mbuyu wa masika si sawa na wa kiangazi. Uchore kutoka pande mbili, makovu na vigingi vikiwemo. Nyuma ya karatasi andika jina ambalo watu wa hapo wanauita, maneno ya msimulizi kwa lugha yake mwenyewe, na, akikubali, jina lake. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine shuleni, na ya tatu ipelekwe kwenye nyaraka za taifa.